Lori Lisilotoa Moshi

13 Januari
Dawa nimemeza, asubuhi, baada ya uji.

Sista Ndolo wa zahanati ndiye amenipa hili daftari. Alisema, "Kalunde, unasahau dawa ya presha halafu unakuja hapa kichwa kinapasuka. Andika kila siku umemeza. Na siku moyo ukikimbia, andika ni nini ilifanyika." Nikamwambia mimi niliachia darasa la nne. Akasema darasa la nne linatosha kuandika "nimemeza".

Basi Sista, ukikuta humu mambo ya lori, usinicheke. Moyo wangu unakimbia kwa sababu ya lori. Mwanangu Musyimi ni dereva wa Dubow, yule mwenye duka hapa Zombe anayenunua ndengu za watu na kuzipeleka stoo yake ya kule Tulia. Mwaka jana Dubow alikuwa na lori kuukuu, likipita unafikiri tanuri la matofali limeota magurudumu. Nguo kwenye kamba zilikuwa zinageuka kijivu. Sasa ameuza lile, ameleta lingine kutoka Japani. Jeupe. Musyimi aliingiza kidole ndani ya bomba la moshi, akakitoa, akanionyesha. Kidole kisafi kama cha mtu ametoka kanisani.

Nilifurahi. Kuni zikitoa moshi ujue ni mbichi, zinakula bila kuivisha. Kuni kavu hazina moshi na githeri inaiva upesi. Nikasema hili lori litakunywa kidogo, Dubow atapata faida, mwanangu atakaa kazini.

14 Januari
Dawa nimemeza. Tumeng'oa ndengu za upande wa mtoni.

15 Januari
Dawa nimemeza. Moyo umekimbia.

Tulikuwa tunapura. Maganda yamejaa uwanja mzima, makavu, ukiyashika yanalia. Musyimi akaingiza lori kuchukua magunia. Limesimama, yeye ameshuka anafunga turubai, hakuna mtu anakanyaga mafuta, mara lori likaanza kunguruma lenyewe. Joto likatoka chini ya tumbo lake na harufu kama chuma kimesahauliwa motoni.

Sista, mwaka juzi wewe ulikuwa bado hujahamia hapa. Pikapu ya mnunuzi ilisimama juu ya majani kwa Mutie, jirani yangu. Bomba lilikuwa moto. Ndengu zote za Mutie ziliungua, na paa la ghala, na Mutie mwenyewe hadi leo mkono wake haukunjuki.

Nikapiga kelele, "Zima."

Musyimi akasema, "Mwaitu, mama yangu, likianza hivi kuna taa ya manjano inawaka, halafu unabonyeza kile kitufe cha ndani. Walioliuza walisema nikibonyeza ningoje taa izimike."

Kitufe kina maandishi ya Kijapani. Nani anajua kimeandikwa nini.

"Ungoje muda gani?"

"Kama dakika ishirini."

"Dakika ishirini lori linanguruma bila kwenda popote? Mafuta ya mtu yanaungua bure, na chini ni maganda matupu? Wewe unataka mkono kama wa Mutie?"

Akacheka, akapanda, akazima. "Sawa, mwaitu. Wewe ndiye mekanika."

17 Januari
Dawa nimemeza. Lori limekuja kwa magunia manne yaliyobaki. Limenguruma. Nikamwambia azime, amezima.

19 Januari, Jumapili
Dawa nimemeza. Baada ya ibada nimewaambia akina mama wote, lori la Dubow likinguruma lenyewe uwanjani kwenu, mwambieni Musyimi azime. Mutanu, jirani yangu mwingine, akasema, "Mtoto ni wako, mbona unatupa sisi kazi ya kumlea?" Lakini amekubali. Wote wanakumbuka yaliyotokea kwa Mutie.

20 Januari
Nimempigia Barwaqo pia, mke wa Dubow, kwa sababu nyuma ya duka lao kuna marobota ya nyasi za mbuzi. Akasema, "Umefanya vizuri kuniambia, Mama Musyimi. Ile harufu hata mimi siipendi." Dawa nimemeza.

22 Januari
Dawa nimemeza. Musyimi amepita kunywa maji. Lori limenguruma, amezima kabla sijasema. Mtoto akifundishwa anashika.

23 Januari
Nimemeza.

24 Januari
Nimemeza. Jua kali. Limenguruma, amezima.

28 Januari
Dawa nimemeza lakini nimechelewa, saa sita.

Nimeenda dukani kwa Dubow kununua chumvi. Barwaqo akaniita ndani, akanipa chai. Chai ya Barwaqo ni sukari tupu, unaweza kusimamisha kijiko, lakini mtu hakatai chai ya mtu. Nikamsikia Dubow nje akimuuliza Musyimi.

"Tangi moja, safari ngapi mpaka Tulia?"

"Tano, mzee. Ilikuwa tano."

"Ilikuwa. Wiki hii ni ngapi?"

"Nne. Nne na kidogo."

"Barabara imerefuka?"

Musyimi akaanza kukaza kamba ya turubai. Dubow akasema, "Sijasema kitu. Nauliza tu." Uso wake ulikuwa umekazwa kama ngozi iliyoanikwa. Barwaqo akaniongezea sukari.

29 Januari
Nimemeza. Sikulala vizuri. Mbona lori lisilo na moshi linakunywa kuliko lenye moshi?

31 Januari
Nimemeza. Upepo. Musyimi anasema lori limekuwa zito, likipanda kilima linapumua kama ng'ombe amebeba mimba. Taa inawaka kila siku sasa. Mwanzoni ilikuwa inakaa siku mbili tatu. Nikamwambia labda dizeli ni mbaya. Akasema labda. Tukiongea hivyo likaanza kunguruma. Amezima.

3 Februari
Nimemeza. Limenguruma, amezima.

5 Februari
Nimemeza. Mara mbili leo, asubuhi na jioni. Amezima zote mbili.

8 Februari
Dawa nimemeza, nikameza na ya jioni, halafu sikumbuki kama ni mara mbili. Sista, usikasirike.

Mutanu amekuja kurudisha ungo, akakaa. Alikuwa anazunguka maneno kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Mwishowe akasema, "Mimi sisemi ni kweli. Lakini sokoni wanasema Musyimi anasimama kwa Kisilu."

Kisilu ana kinu cha kusaga unga, kile cha dizeli.

"Anasimama kusaga mahindi yangu," nikasema.

"Hata mimi nimewaambia hivyo. Lakini Kisilu hajawahi kuzima kinu mwezi huu, na mwezi uliopita alikuwa analia hana mafuta."

"Kisilu aliuza ng'ombe wake ndume anunue mafuta. Kila mtu alimwona ndume akiondoka."

"Hata hilo nimewaambia," Mutanu akasema. Kisha akachukua mwiko wangu akaenda nao. Hakuja kurudisha ungo tu, huyo.

Safari sasa ni tatu na nusu kwa tangi.

9 Februari, Jumapili
Nimemeza. Mchungaji amehubiri juu ya Akani aliyeiba vitu akavificha hemani. Nilihisi watu wote wanaangalia mgongo wangu. Musyimi hakuwa kanisani, alikuwa barabarani.

11 Februari
Nimemeza.

12 Februari
Musyimi ameacha koti lake la kazi hapa nilifue. Kabla sijaliloweka nikalinusa. Linanuka dizeli. Mkono wa kulia kuanzia hapa kwenye kiwiko mpaka chini. Nikalinusa tena. Nikaangalia mifuko. Kulikuwa na msumari, tiketi ya maegesho, na peremende mbili ambazo hununulia watoto wa boma za watu.

Najua dereva ananuka dizeli. Muuza samaki ananuka samaki. Lakini moyo haukusikia hiyo hesabu. Nimekaa na koti magotini nikifikiria mtoto niliyemzaa, nikimwona kwa macho ya Mutanu anasimama nyuma ya kinu cha Kisilu na mpira mdomoni anavuta mafuta. Mama gani huyu. Nimemwona vizuri kabisa, mpaka na shati alilovaa.

Alipokuja nikamuuliza. Sikuzunguka. "Musyimi, unauza mafuta ya Dubow?"

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini. "Na wewe, mwaitu?"

Akalitoa koti kwenye beseni nilikoliloweka, akaondoka nalo likiwa limelowa.

Dawa sijameza.

13 Februari
Nimemeza. Lori limepita barabarani. Halikuingia.

Sista, kwa upande wa nyuma wa karatasi hii ndipo nimeandika yale ya koti. Nikilifungua daftari naona wino umepenya. Ningeweza kuchana, lakini nikichana na hii ya leo inaenda.

15 Februari
Nimemeza. Limesimama kwa Mutanu, nimelisikia kutoka hapa likinguruma. Mutanu akapaza sauti, "Mama yako amesema uzime." Likazimika.

17 Februari
Nimemeza. Sijamwona siku tano. Ndengu zangu zote zimetoka, uwanja ni maganda tu, na sina nguvu ya kuyafagia.

20 Februari
Dawa nimemeza. Nimekuja zahanati kupimwa asubuhi, ukasema mia moja sabini na ngapi sijui, ukaniuliza nini kinanisumbua, nikasema jua. Haikuwa jua.

Nilipotoka kwako, Dubow alituma mtu aniite. Alisema mtoto wa mtu hafukuzwi bila mama yake kusikia kosa. Kwa hilo namheshimu. Lori lilikuwa nyuma ya duka, limekataa kupanda kilima jana, taa ya manjano imekuwa nyekundu. Amemwita fundi Munyao kutoka Mbumbuni. Huyu Munyao ndiye hutengeneza hayo malori ya Kijapani yanayobeba maembe kule Makueni. Ni mtu mfupi, mikono myeusi, sauti ya mwalimu.

Amechomeka kifaa kama redio ndogo chini ya usukani. Kikaandika. Akasoma, akakuna sikio.

"Hii lori haiibiwi mafuta," akasema. "Inakunywa yenyewe."

Dubow akasema, "Lori haina mdomo."

"Mzee, ngoja nikueleze. Unaona haitoi moshi? Moshi haujaenda mbinguni. Umewekwa kwenye hili sanduku." Akagonga kitu kama pipa chini ya lori. "Ni filta. Inashika masizi yote. Ikijaa, injini inasukuma kama mtu anapumua amefungwa blanketi usoni. Ndiyo maana inakula zaidi. Sasa likijaa, lori linamwaga dizeli kidogo ya ziada, linapata moto sana, linayachoma masizi, sanduku linakuwa safi. Hiyo ndiyo kunguruma."

"Kwa hivyo ninanunua dizeli ya kuchoma takataka," Dubow akasema.

"Ndiyo. Kidogo tu. Ukiliacha limalize."

"Na lisipomaliza?"

"Ile dizeli imeenda bure, na masizi yamebaki. Kesho inaanza tena, inamwaga nyingine. Kesho kutwa nyingine." Akasoma kile kifaa. "Imeanza kuchoma mara thelathini na nane. Imemaliza mara mbili. Tena haya mambo ya kutembea polepole boma hadi boma yanaijaza upesi, kwa hivyo ndiyo ilitaka kuchoma zaidi. Nani anaizima?"

Sista, nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi.

Dubow akamgeukia Musyimi. "Nani anaendesha?"

"Mimi."

"Nani anazima?"

Musyimi akaangalia chini. Nilingoja aseme. Mdomo wake ulifunguka kidogo, akaniangalia mara moja, akaufunga.

"Mimi," akasema.

"Uliambiwa ubonyeze na ungoje. Mimi mwenyewe nilikuwepo ulipoambiwa. Mara thelathini na sita unazima. Basi unaiharibu kusudi, ili mafuta unayouza nidhani ni filta." Dubow hakupaza sauti. "Jumamosi ulete ufunguo. Sitaki Ramadhani inikute na mwizi."

Munyao akasema kama ni ghali kungoja, anaweza kutoboa lile sanduku, kutoa matumbo yake, na kudanganya kompyuta. "Itapunguza kunywa kidogo. Lakini moshi utarudi, mtaula nyinyi."

Dubow akasema atafikiri.

Na mimi sikusema. Nimetembea mpaka nyumbani na sikusema. Nilidhani ninaokoa mafuta. Nilidhani ninaokoa mkono wake. Unachoma matofali, moto umeshika, anakuja mama anamwaga maji kwenye tanuri kwa sababu anaogopa cheche. Kesho kuni upya. Matofali yamebaki mabichi na mlima umekwisha miti. Huyo mama ni mimi, na mtoto amesimama mbele ya tanuri anasema ni yeye.

21 Februari
Nimemeza kabla ya kitu chochote.

Nimesoma daftari lote tangu mwanzo, kidole chini ya maneno. Nimemwambia azime, amezima. Limenguruma, amezima. Tarehe ziko. Niliandika mwenyewe nikifikiri naandika mambo ya moyo.

Nimelifunga kwenye leso nikaenda kwa Dubow. Musyimi alikuwa anapanga magunia. Nikasema, "Dubow, aliyezima ni mimi."

Dubow akasema, "Mama hujui hata mlango wa lori unafunguliwa upande gani."

"Sijui. Lakini mtoto wangu anajua sauti yangu." Nikampa daftari. Hakulifungua, anasoma kwa shida Kiswahili cha kuandikwa. Akampa Barwaqo, na Barwaqo akakaa juu ya gunia la sukari akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma yote. Sikujua anaweza kusoma haraka hivyo. Alisoma ya kwa Mutie, na ya kitufe, na ya dakika ishirini. Alisoma chai yake ni sukari tupu, akaacha kusoma, akaniangalia juu ya daftari.

"Kijiko kinasimama?"

"Barwaqo, nilikuwa na moyo mbaya siku hiyo."

"Miaka sita unakunywa."

Dubow akasema, "Endelea."

"Hapa ni wewe. 'Uso wake ulikuwa umekazwa kama ngozi iliyoanikwa.'"

"Endelea," Dubow akasema tena, lakini akajipangusa uso.

Kisha akakumbuka kitu, akamrudisha tarehe ishirini Januari, kwamba nilimpigia simu yeye mwenyewe. Dubow akamwuliza, "Na wewe ulimzimisha?"

"Harufu ilikuwa inaingia kwa nguo za kuuza."

"Mara ngapi?"

"Sikuandika daftari mimi," Barwaqo akasema.

Nilijua kinachokuja. Tarehe za mwisho ziko upande mmoja, koti liko upande wa pili. Ningeweza kusema, Barwaqo, hiyo ruka. Nikafikiria nikisema ruka, Dubow atafikiri huko ndiko wizi umeandikwa. Basi nikanyamaza, na Barwaqo akasoma, mimi nanusa koti, mimi natia mkono mifukoni, mimi namwona mwanangu na mpira mdomoni. Alishusha sauti lakini akasoma. Musyimi alikuwa na gunia begani. Hakuliweka chini mpaka mwisho.

Nje mbuzi wa mtu anakohoa.

Dubow akasema polepole, "Mwanamke ambaye anaandika haya juu ya mtoto wake, hawezi kuwa amedanganya juu ya lori." Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea. "Na mimi, Musyimi, nimekuita mwizi mbele ya fundi. Fundi nitamwita tena asikie nikisema nilikosea."

Musyimi akasema, "Sawa, mzee."

Akarudi kwenye magunia bila kuniangalia.

22 Februari
Nimemeza.

Munyao amerudi. Ameondoa ile taa nyekundu kwa kifaa chake, akasema sasa lori lazima lichome mpaka mwisho, lakini si hapa penye nyasi. "Huyu mama aliogopa kitu cha kweli," akamwambia Dubow. "Chini hapo panapata moto wa kuwasha majani. Unatafuta udongo mtupu."

Nikasema uwanja wangu ni mkubwa. Wakaniangalia wote. Nikaenda mbele.

Nimefagia, Sista. Maganda ya msimu mzima. Nimefagia mpaka udongo mwekundu ukatoka, nikanyunyiza maji, nikafagia tena. Mutanu akaja na ufagio wake, nadhani alikuja kuona, lakini akafagia. Mutie pia alikuja, akasimama mbali.

Musyimi akaingiza lori katikati. Akabonyeza kile kitufe. Likanguruma. Joto likaanza kutoka na ile harufu, na kila kitu mwilini mwangu kikasema zima. Niliweka ndoo ya maji miguuni. Niliangalia saa ya simu. Dakika tano. Dakika nane. Udongo chini ya tumbo la lori ulikauka nikiuona.

Dakika ya kumi na mbili Musyimi alitoa kichwa dirishani. Tangu tarehe kumi na mbili alikuwa hajaniita.

"Mwaitu," akasema, "nizime?"

Nilimjua anacheka kwa ndani. Mutanu alikuwa anatuangalia, na Mutie, na Munyao na saa yake.

"Ukizima nitakuchapa," nikasema.

Dakika ishirini na tatu. Halafu ngurumo ikashuka yenyewe, polepole, kama mtoto aliyelia mpaka akalala. Musyimi akashuka, akaja akachukua ile ndoo kutoka miguuni mwangu, akanywa maji kwa mikono, mengine akajimwagia kichwani.

"Koti langu," akasema, "bado linanuka?"

"Lilete nilifue."

"Utalinusa?"

"Nitalinusa," nikasema. "Mimi ni mama."

27 Februari
Nimemeza. Barwaqo amenitumia chai kwa chupa, haina sukari hata punje. Nimeinywa yote.

Safari nne na nusu kwa tangi. Dubow amesema hatatoboa sanduku kwanza, anangoja aone mwezi mzima, na boma zote ziwe na mahali pamefagiwa. Bado sielewi sawasawa. Mafuta mengine yanaendesha lori na mengine yanachoma moshi ambao hatuuoni, na ukitaka kuokoa hayo ya pili unapoteza ya kwanza. Munyao amenieleza mara mbili. Nimeitikia kwa kichwa.

Limekuja leo jioni. Limenguruma. Nimechukua ufagio.